Kefa Kitundu na Miti Tisa ya Korongo la Msule

"Kama mbegu ya mti huu ni nzito kama kokoto, upepo hauibebi, ndege hawaimezi, na mti wenyewe hauonekani popote kati ya hapa na milima ya Usambara, je, ulifikaje hapa?"

Ndugu waombolezaji, wazee wetu shikamooni, swali hilo liliulizwa katika baraza la hapa Ulemo, siku ya Jumatano, tarehe 12 Agosti 1936, na aliyeliuliza ni huyu ambaye jeneza lake liko mbele yenu leo, Jumamosi, tarehe 1 Oktoba 1960, na siku ile hakujibiwa na mtu, si mtemi, si karani, si yule bwana Mzungu wa kazi ya mbung'o aliyekuja kuamuru pori lifyekwe, na kwa kuwa keshokutwa, Jumatatu, watu wa kijiji hiki wameitwa kwenda kuangusha miti tisa iliyobaki katika Korongo la Msule, familia imeona si haki historia ya marehemu ianze kwa tarehe ya kuzaliwa kama ya mtu ambaye hakuacha kesi.

Marehemu Kefa Kitundu alizaliwa hapa Ulemo, mwaka ambao wazee waliukadiria kuwa 1903, kwa sababu mama yake alisema siku zote kwamba alijifungua wakati wa kuvuna uwele, akiwa na ungo mkononi, naye alikuwa mtoto wa pili kati ya watano wa Mzee Kitundu, mfugaji na mkulima. Utotoni alichunga ng'ombe wa baba yake juu ya korongo lile, mahali ambapo mwamba umepasuka na chemchemi inatoka chini ya kivuli, na humo ndani kulikuwa na miti mirefu, myeusi kwa majani, isiyofanana na mgunga wala mninga wala mti mwingine wowote wa nchi hii, hata wazee wakauita kwa lugha yetu jina lenye maana ya mgeni, wakakataza mtoto asiingie na shoka wala asivunje tawi, na kila mwaka mvua ilipochelewa ndiko walikokwenda kuiomba.

Shule aliianza mwaka 1914, na mwaka huo huo vita vikaifunga, mwalimu wake akachukuliwa kubeba mizigo ya jeshi na hakurudi, wala hakuna aliyekuja kuieleza familia yake aliko, hivyo marehemu alijifunza kusoma na kuandika akiwa mtu mzima, katika darasa la ubatizo kati ya mwaka 1924 na 1927, akibatizwa Sikukuu ya Pasaka, tarehe 17 Aprili 1927, pamoja na vijana wengine wanne, mmoja wao akiwa rafiki yake wa kuchunga pamoja, Antipasi, ambaye leo ni jumbe wetu na ameketi hapa mbele.

Jambo linalofuata marehemu mwenyewe aliagiza lisomwe, akasema likiachwa historia nzima itakuwa uongo. Jumatatu ya Pasaka, tarehe 18 Aprili 1927, wale vijana watano waliobatizwa jana yake walishuka korongoni na mashoka, hawakutumwa na mchungaji wala na mzee yeyote wa kanisa, walijituma wenyewe, kwa sababu njiani walitaniwa kwamba ubatizo wao ni wa maji tu na mbele ya miti ya mvua watatetemeka kama zamani, wakauchagua mti mkubwa kuliko yote, wakaukata tangu asubuhi hadi adhuhuri, na aliyepiga shoka la kwanza alikuwa Kefa Kitundu. Mbao zake zilitengenezwa mabenchi mawili ya kanisa, na moja, wazee wetu, ndilo hilo mmelikalia.

Hawakuona wamefanya kosa kubwa, kwa maana kila Mnyiramba aliyewahi kufyeka shamba anajua kwamba shina huchipua, unakata leo, mvua zikinyesha machipukizi yako tele, na baada ya miaka michache unakata tena, basi marehemu alimwambia mama yake, "Usilie, mama, mwakani utauona umerudi." Alikwenda kulitazama lile shina mwaka 1928, halikuwa na chipukizi, akaenda 1929, halikuwa na chipukizi, mwaka 1931 likawa limeoza katikati na kujaa siafu, na ndipo, kwa maneno yake mwenyewe, alipoanza kuogopa, si mizimu, aliogopa kwamba amefanya kitu kisichorudishika kwa sababu tu ya kuchekwa njiani.

Marehemu alifunga ndoa na Bi Dorika tarehe 14 Julai 1928, msimamizi wake wa ndoa akiwa huyo huyo Antipasi, na Mungu akawajalia watoto wanne, Mathayo aliyezaliwa mwaka 1929, Rahabu mwaka 1931, Sara aliyezaliwa mwaka 1935 na kufariki kwa surua mwaka 1937, na Yunisi aliyezaliwa mwaka 1938, ambaye ndiye anayewasomea maneno haya.

Mwezi Juni 1933 marehemu aliajiriwa kuwa mchukuzi wa Mzungu mmoja mkusanya mimea, ambaye watu walimwita Bwana Majani, na baada ya miezi miwili akapandishwa kuwa mkaushaji, kazi ambayo wengi waliicheka bila kuijua, maana kila tawi lililokatwa lilipaswa kulazwa kati ya magazeti ya zamani, likabanwa kwa mbao mbili na kukazwa kwa kamba, na magazeti hayo yakabadilishwa kila siku, yenye unyevu yakaanikwa, makavu yakawekwa, la sivyo jani linaota ukungu na safari yote ni bure. Ni yeye, si mwingine, aliyempeleka Bwana Majani kwenye Korongo la Msule, tarehe 9 Februari 1935, akapanda mwenyewe na kushusha tawi lenye maua, akaokota mbegu, akazikausha, na lile tawi likapelekwa Ulaya likiwa na karatasi yenye jina la Bwana Majani, mwaka, mkoa, na chini yake maneno mawili, "mchukuzi mwenyeji". Ndugu waombolezaji, mchukuzi yule alikuwa na jina, lilikuwa limeandikwa hata katika kitabu cha ubatizo, na lingeenea vizuri kabisa kwenye karatasi ile.

Majibu ya wasomi wa Ulaya yalifika Mei 1936, katika barua ambayo Bwana Majani, akiwa amekwisha kuhamishwa, aliituma kwa uungwana, tusimnyime haki yake, kwa Kiswahili cha kueleweka, akisema mti ule haukutegemewa kuwa hapa, jamaa zake wa karibu wanaishi katika misitu ya Usambara, na wengine mbali sana magharibi, huko Kongo, na katikati hapana kitu. Marehemu aliikunja barua ile, akaiweka ndani ya kitabu chake cha nyimbo, na ndiyo iliyomsimamisha miezi mitatu baadaye barazani, ilipotangazwa kwamba pori lote toka barabarani hadi korongoni litafyekwa ili kufukuza mbung'o.

Aliuliza kwa Kinyiramba, kama ilivyokuwa desturi ya baraza, na karani mkalimani alikuwa Antipasi. Wazee mliokuwapo mnakumbuka, Mzungu aliinua macho akauliza mtu huyu anasema nini, na Antipasi akamjibu, "Anasema watu wataleta mashoka yao wenyewe," Mzungu akaitikia kwa kichwa kwa furaha, akaandika, baraza zima likaangua kicheko, marehemu peke yake hakucheka. Nje alimshika rafiki yake shati, naye Antipasi akamwambia, "Kefa, ndugu yangu, mwenzio jana kafungwa kwa kuchelewa kusimama tu Mzungu alipopita, nawe unataka kumtoa Mzungu jasho kwa ukoo wa mti? Mshukuru Mungu nina ulimi mwepesi." Marehemu hakuwahi kusema kwamba Antipasi alikuwa mwoga, alisema alikuwa na mke na watoto, kama yeye, lakini ukweli ni kwamba swali lile halikufika hata mezani, na ufyekaji wa mwaka ule uliangusha miti ishirini na mitatu ya upande wa juu, na iliyobaki tisa haikuokolewa na mtu, iliokolewa na mvua za Novemba zilizowakimbiza wafyekaji, na baadaye na vita, serikali ikawa na mambo mengine.

Tangu hapo marehemu, licha ya kilimo cha uwele, mtama na karanga, kilichotulisha na kutusomesha sote, alijipa kazi nyingine isiyo na mshahara, akiokota mbegu za miti ile tisa na kuzipanda katika makopo na madebe nyuma ya nyumba, akichanganya udongo wa korongoni na samadi, akiyafunika kwa magunia yaliyolowa, akihamisha makopo asubuhi na jioni kulifuata jua na kulikimbia, miche sitini na nne kwa miaka ishirini na miwili, na hakuna hata mmoja uliovuka kiangazi cha pili. Bi Dorika alikuwa akiwaambia wageni, "Karibuni, mimi ni mke mdogo, mke mkubwa yuko kwenye kopo," na jirani yetu Bi Stumai, Mwislamu, alimshauri amwite shehe aisomee miche dua, maana ya Kilutheri imekwisha kushindwa, marehemu akacheka naye, akamwambia alete huyo shehe, aje na maji. Lakini alipobaki peke yake hakucheka, kwa kuwa alikuwa amekwisha kuelewa kwamba mti ule hauhamishiki, unataka ile baridi ya mwamba, ule ukungu wa alfajiri, ile chemchemi, kwamba korongo likiisha hakuna bustani wala kopo litakalokuwa badala yake.

Jibu la swali lake lilikuja likiwa limechelewa miaka ishirini na mitatu. Likizo ya Desemba 1959 Yunisi alirudi kutoka chuo cha Makerere, akamkuta baba yake ameketi juu ya gogo kando ya zizi akichambua mbegu za karanga, akamweleza alichofundishwa na mwalimu wa elimu ya mimea, kwamba zamani sana dunia ilishikwa na baridi, si mara moja, mara nyingi, Ulaya ya kaskazini ikafunikwa na barafu nene kama mlima, misitu ikafa, isipokuwa miti iliyosalia mafichoni, katika mabonde ya kusini yaliyokingwa na upepo na kutazama jua, na baridi ilipokwisha ni hiyo michache iliyotoka ikazaa misitu yote wanayojivunia Wazungu leo, na ushahidi wake ni unga wa maua uliolala katika matope ya maziwa yao, tabaka juu ya tabaka, unaoonyesha mti gani ulipotea lini na ulirudi lini. Huku kwetu barafu haikufunika nchi, ilishuka tu chini zaidi kwenye milima mirefu kama Kilimanjaro, lakini baridi na mvua vilibadilika, misitu iliyokuwa imeungana ikakatika vipande vipande, na ingawa wasomi bado wanabishana ni lini nchi ilikuwa kavu na ni lini ilikuwa na maji, kwa mti wenye mbegu nzito unaopatikana mahali pawili palipo mbali, maelezo yenye nguvu kuliko yote ni haya, kwamba haukuruka, ulikuwa umeenea kote katikati, ukafa kote, ukasalia pale tu palipokuwa na chemchemi na kivuli cha mwamba.

Bi Dorika, aliyekuwa akisonga ugali huku akisikiliza, alisema kutoka jikoni, "Kumbe miaka yote hii tunamwita mgeni mwenye nyumba!" Marehemu aliuliza baridi hiyo ilidumu muda gani, akaambiwa maelfu ya miaka, akauliza, "Na mti ukakaa?" akaambiwa, ukakaa. Aliziweka zile karanga chini, akasema, "Mimi nilichukua asubuhi moja."

Ndugu waombolezaji, yapo maneno yanayosemwa njiani, na leo si siku ya kuyaogopa, kwamba Mzee Kefa alirudia mizimu, na kwamba alipenda miti kuliko ng'ombe. La kwanza halihitaji jibu, aliyezunguka na sahani ya sadaka katika kanisa hili kwa miaka kumi na tisa hakurudia kitu. La pili ni uongo, marehemu alipoteza ng'ombe wanne kwa ugonjwa wa mbung'o mwaka 1932, alifyeka pori la barabarani pamoja nanyi, kwa shoka lake, na alikubali kabisa kwamba vichaka vya huku juu vikiachwa mifugo itakwisha. Alichosema ni kwamba mbung'o wa huku hawakai korongoni, na mtu akisema jambo kama hilo halafu anajibiwa kwa dharau, huwa na njia mbili, kunyamaza au kuthibitisha.

Alithibitisha. Kuanzia Februari hadi Julai mwaka huu, alipopata fununu kwamba ufyekaji unarudi, alifanya kama alivyowaona wafanyakazi wa mbung'o wakifanya, wanaotembea porini na nguo nyeusi mgongoni ili inzi watue wahesabiwe, na kwa kuwa hakuna aliyempa nguo hiyo aliazima kaniki ya mkewe, akaivaa mgongoni, akatembea kila Jumanne na kila Ijumaa toka barabarani hadi chini ya korongo, watoto wakimfuata na kuimba kwamba mzee amevaa nguo ya bibi, naye akiandika katika daftari la shule. Katika pori la juu alikamata mbung'o mia tatu na sita. Ndani ya korongo, kwa miezi hiyo sita, alikamata wawili, na kando yao ameandika, kwa uaminifu ambao afisa yeyote angeuonea wivu, "hawa huenda walinifuata kutoka juu."

Tarehe 22 Agosti 1960 orodha ya maeneo ya kufyekwa ilisomwa barazani, na Korongo la Msule lilikuwamo. Jumanne, tarehe 13 Septemba, marehemu alipanda basi Kiomboi kwenda Singida na daftari lake, akakaa kwenye benchi la nje la ofisi ya kazi ya mbung'o, katika upepo ule wa Singida mnaoujua, Jumanne, Jumatano, Alhamisi na Ijumaa, akilala kwenye baraza la duka, na kila siku akaambiwa bwana ana shughuli, na siku ya nne tarishi akamshauri aliache daftari mlangoni, akakataa, akasema daftari lina nakala moja na mlango hausomi. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na saba. Hakupewa hata dakika tano.

Alirudi Jumamosi, tarehe 17 Septemba, akikohoa, Jumapili akashikwa na homa, na Jumatano, tarehe 21, alipokuwa hawezi tena kusimama, Jumbe Antipasi alikuja na baiskeli yake, akamkalisha kwenye keria, akamfunga kwa shuka asianguke, akaisukuma kwa miguu mpaka hospitali ya Kiomboi, akikataa kupokewa na vijana. Njiani, ametueleza mwenyewe, marehemu alimtania, "Antipasi, leo unanitafsiri vizuri." Madaktari walikuta homa ya mapafu ya pande zote mbili, wakapigana nayo siku nane, na siku ya Alhamisi, tarehe 29 Septemba 1960, saa tatu asubuhi, marehemu akafariki, mkewe na watoto wake watatu wakiwa kando ya kitanda.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Kiomboi, ambao hawakuchoka wala hawakumwacha alale chini hata siku moja, inamshukuru Bi Stumai aliyetuma uji hospitalini kila asubuhi kwa basi la kwanza, na aliyetuongoza leo kupika bila kuuliza nani ni wa dini gani, inawashukuru majirani mliochimba kaburi katika udongo mgumu wa kiangazi, wazee wa kanisa, wakulima wenzake, na wale wachukuzi wenzake wawili wa zamani waliotembea toka Iguguno kuja kumzika. Inamshukuru Jumbe Antipasi kwa baiskeli na kwa miguu yake.

Baba, umesubiri sana kwenye mabenchi ya watu, sasa lala, pumzika kwa amani katika udongo wa kwenu.

Na kwako, baba mdogo Antipasi, shikamoo. Orodha ya majina iko mfukoni mwako, na wewe ndiye utakayeyaita Jumatatu asubuhi. Tunajua unaweza kuvuliwa ujumbe kwa jambo hili, na hatukuombi ugombane na serikali, daftari la marehemu tutakupa uwape wakahesabu wenyewe. Tunaomba moja tu. Jumatatu usiwashushe watu korongoni.